Mzungu alikaa na waimba kaswida Cairo 1834, akaandika kwamba wengi hawaelewi wanachoimba. Alikosea?

#1 Kahawa_Chungu
Wakuu, salamu. Kuna jambo linanikera tangu wiki iliyopita, nimeona nilimwage hapa.

Namsoma Edward William Lane, Mwingereza aliyekaa Cairo mara ya kwanza 1825 hadi 1828, akarudi tena 1833 hadi 1835. Alivaa Kituruki, akajiita Mansur Efendi, akaingia misikitini bila kushukiwa. Kitabu chake cha maisha ya Wamisri kilitoka 1836.

Mwaka 1834, wakati wa maulidi ya Mtume, alikwenda usiku Suk al-Bakri, mtaa ulio upande wa kusini wa uwanja wa Ezbekiyya. Akakuta dhikri barabarani. Watu kama 30 wamekaa kwenye mikeka, duara la kurefuka, wengi wao watu wa hali ya chini, nguo zimechakaa. Katikati mishumaa mitatu ya nta, kila mmoja futi nne hivi. Ncha moja ya duara wako waimbaji wanne na mpiga nai (filimbi). Basi bwana huyu akaazima kigoda cha vijiti vya mtende mkahawa wa jirani, mtumishi wake akamsaidia kusukumana na watu, akapata nafasi palepale walipo waimbaji. Akakaa mpaka kikao kikaisha, saa mbili.

Alichosikia kilimshangaza. Ni kumsifu Mtume, lakini maneno ni ya mapenzi matupu: jicho halilali, machozi yanadondoka kama lulu, moyo umezungukwa na moto, njiwa anaulizwa analilia nini. Wimbo mwingine wa dhikri, huo aliusoma kitabuni, unaanza na paa wa Yemen anayeambiwa "mimi mtumwa wako bila ya kununuliwa".

Kisha Lane anahukumu: nyimbo hizi zimetungwa kwa maana ya kiroho, lakini watu wa kawaida walio wengi hawazichukui hivyo. Ushahidi wake ni kwamba baadaye aliukuta ule wimbo wa njiwa ndani ya Alfu Lela Ulela, umewekwa kama wimbo wa mapenzi wa kawaida.

Nauliza: alijuaje kilicho moyoni mwa wale 30? Na sisi tunaopiga kaswida za Kiarabu, tunajua tunachoimba?

#2 Jongoo_wa_Tanga
Nimeleta kigoda changu (cha mtende). Huyu si ndiye aliyefika Unguja akaisema vibaya?

#3 Ustadh_Mstaafu
Jongoo, huyo ni Burton, msafiri Mwingereza. Aliingia Makka 1853 kwa kujifanya Muislamu, akafika Unguja mwishoni mwa 1856. Lane hakufika kwetu wala Makka. Huyu ni mtu wa kamusi: ile kamusi kubwa ya Kiarabu na Kiingereza iliyoanza kutoka 1863. Amekufa 1876 hajaimaliza, mjukuu wa dada yake ndiye aliyetoa sehemu zilizobaki. Mtu aliyezeeka akifuatilia mizizi ya maneno ya Kiarabu simdharau haraka.

Kahawa_Chungu, swali lako zuri, ila umeliuliza kama kwamba maana mbili haziwezi kulala kwenye ubeti mmoja. Kasida ya Kiarabu tangu jahiliya haiingii kwenye sifa kama mtu anavyoingia chooni. Hubisha hodi kwanza, na hodi yenyewe ni mapenzi: mpenzi kahama, hema zimeng'olewa, mshairi analia kwenye majivu ya mafiga. Ndipo aje safari, ndipo aje msifiwa.

Kaab bin Zuhayr alipokuja Madina kuomba radhi, damu yake ikiwa imehalalishwa, alianza na nini? "Banat Suad". Suad ameondoka, moyo wangu leo mgonjwa. Anamwelezea Suad kwanza, meno yake, ahadi zake za uongo, mbele ya Mtume mwenyewe! Hakukatizwa. Mtume alivua shuka lake akamvika, na ndiyo burda ya kwanza hiyo. Al-Busiri wa karne ya 13 naye kafuata njia hiyohiyo: Burda yake ya beti 160 hivi inaanza kwa kumbukumbu za majirani wa Dhi Salam na machozi yaliyochanganyika damu. Kwa hiyo wale wa Suk al-Bakri hawakuchanganya kitu. Walibisha hodi.

#4 Tari_Moja
Ustadh, nakuheshimu, lakini Kaab alikuwa mshairi mwana wa mshairi. Wale wa 1834 Lane mwenyewe anasema walikuwa watu wa chini. Nani aliwafundisha mambo ya hodi na mafiga?

Miye napiga fidla, na nimekulia kwenye matari. Naona jibu liko kwenye mahadhi. Kaswida hupanda mgongo wa mahadhi yaliyokwisha kupendwa. Nikiwa madrasa, mwalimu mmoja (simtaji, kashatangulia mbele ya haki) alituletea kaswida mpya, tukaipiga siku ya maulidi mbele ya wazazi. Beti ya pili tu, kina mama nyuma ya pazia wakaanza kuchekana. Kumbe mahadhi ni ya filamu ya Kihindi iliyoonyeshwa mjini mwaka ule, ile sehemu mwanamke analoa mvua. Mwalimu hakuwa na habari, kayapata kwa mpiga madufu. Adhabu tulikula sisi.

Sasa mwimbaji wa Cairo naye hivyohivyo. Wimbo uko mitaani, umenoga, anauvuta kwenye dhikri, anaubandika jina la Mtume mwishoni. Lane kausikia ukiwa njiani.

#5 Jongoo_wa_Tanga
Tari_Moja 😂😂 analoa mvua. Fimbo ngapi?

#6 Tari_Moja
Nne. Mpiga madufu hakuguswa.

#7 Hesabu_za_Vina
Kabla hatujaenda mbali, tuone maneno yenyewe. Nimeujaribu ule wa njiwa kwa mizani ya nane kwa nane, kutoka kwenye tafsiri ya Lane maana asili ya Kiarabu sinayo:

*Moyo wangu una pendo, usingizi siuoni*
*Macho yanitoka chozi, kama lulu kitandani*
*Njiwa walilia nani, umefungwa kizimbani?*
*Amenijibu: ni moja, yako na yangu huzuni*

Semeni.

#8 BintiPwani
Hongera kwa ujasiri. Lakini kitanda umekitoa wapi, kaka? Na njiwa umemtia kizimbani halafu vina vya kati umeviachia vikaruka.

#9 Ustadh_Mstaafu
Kitanda ndicho hasa anachokisema Lane 😄. Mwaona jinsi mfasiri anavyoweza kuuvuta wimbo chumbani bila kukusudia?

Na hii ni nukta ya kweli. Lane aliutafsiri kwa vina, akijitahidi kuigiza mpangilio wa asili. Ukitafuta vina unalazimika kuingiza maneno. Huenda nusu ya "mapenzi" tunayoyasoma ni ya kina cha Kiingereza. Ule wa paa hakuutia vina, aliuacha kama ulivyo makusudi ili asidhaniwe kabadilisha maneno.

Kahawa_Chungu, tena nikusahihishe. Alichokikuta kwenye Alfu Lela Ulela si wimbo wa njiwa. Ni beti za mwisho za ule wa paa: mpenzi amekuja gizani usiku, anaulizwa "hukuogopa walinzi?", anajibu "niliogopa, ila mapenzi yamenichukua roho na pumzi". Lane alisema mistari sita, na imebadilishwa kidogo.

#10 Kahawa_Chungu
Nimerudi kwenye kitabu. Ustadh uko sahihi, nilichanganya. Asante.

Lakini hilo linazidi kunichanganya. Wa njiwa mwisho wake uko wazi kabisa: mshairi anajitaja, "mtumwa wako Ahmad al-Bakri hana Mola ila Wewe", na anaomba kwa jaha ya Taha, Mtume mkuu. Huo hakuna anayeweza kuukosea. Ni huu wa mpenzi wa usiku, usio na jina la mtu, ndio umetoroka ukaingia kwenye hadithi.

#11 Mzee_wa_Ngisi
Al-Bakri, na dhikri iko Suk al-Bakri. Wimbo wa wenye mtaa! Cairo wakati huo Sheikh al-Bakri ndiye aliyekuwa mkuu wa tarika zote za masufi. Mnasifu kwa mwenye nyumba.

#12 Hesabu_za_Vina
Mzee, jina kufanana si hoja. Bakri wako wengi kama akina Omari.

#13 Mzee_wa_Ngisi
Sikusema ni hoja. Nimesema ni harufu.

#14 Sikio_la_Kufa
Mbona hakuna anayetaja pesa? Sifa kwa Kiarabu ni biashara ya zamani kuliko kahawa. Mshairi al-Mutanabbi alikaa na mtawala Sayf al-Dawla kule Halab miaka 9, tangu 948 hadi 957, kazi yake kumsifu bwana na kulipwa. Walipokosana akaenda Misri kwa Kafur, mtawala wa huko, akamsifu akitumaini kupewa utawala wa jimbo. Hakupewa, akatoka Misri akimtukana Kafur kwa ushairi uleule, tena kwa matusi ya rangi ambayo hata leo yanatia aibu. Ukijua hilo unaanza kuuliza: maneno matamu haya ni chombo tu, unaweza kumtilia mfalme, mpenzi, Mtume, yeyote. Waimbaji wa Cairo walikuwa mafundi. Fundi hachukii mbao.

#15 Buyenzi_Kwetu
Ndugu zangu, miye niko Bujumbura. Sikio_la_Kufa, umesema vizuri kuhusu wafalme lakini dhikri si baraza la mfalme. Kwetu Buyenzi tumekua na dhikri ya tarika ya Kadiriya. Hakuna anayelipwa. Mtu ametoka sokoni, miguu ina vumbi, anasimama mstarini hadi sauti imkauke. Kiarabu anachokijua ni Fatiha na sura tano sita. Ukimuuliza maana ya kaswida atakwambia "ni ya Mtume". Basi. Hajui kama kuna paa humo ndani.

Kwa hiyo Lane kasema kweli kwamba hawaelewi maneno, lakini amekosea kufikiri kwamba asiyeelewa maneno atayachukua kuwa ya mapenzi. Asiyeelewa kwetu huchukua yote kuwa matakatifu! Kinyume chake kabisa.

#16 Kahawa_Chungu
Buyenzi, hapo umenigusa. Ila wale wa Cairo Kiarabu ni lugha yao. Wao paa walimsikia.

#17 Ustadh_Mstaafu
Walimsikia kwa Kiarabu cha fasihi, ambacho si kile wanachonunulia vitunguu. Kati ya hizo mbili kuna shimo. Tusimfanye muuza maji wa 1834 kuwa Mutanabbi.

#18 Mfuasi_Mnyoofu
Mnapoteza muda. Hayo yote ni bidaa, maulidi hayakuwepo zama za maswahaba, na huyo kafiri ana…

#19 Msimamizi
Bidaa ina nyuzi zake, ziko kurasa nyingi na mlango uko wazi. Hapa mada ni Lane na mashairi aliyoyasikia. Posti #18 nimeipunguza.

#20 Muscat_Baridi
Asante msimamizi. Miye mzaliwa wa Muscat, bibi zangu wote wa Unguja. Huku tuna kitu kinaitwa malid: safu mbili za watu, wengine wana madufu, wengine wamepiga magoti wanainama na kuinuka kama wimbi, Barzanji (kitabu cha maulidi) inasomwa. Mara ya kwanza bibi kuona malid, aliyoizoea yeye ni maulidi ya homu ya Unguja, alisema: "Kha! Wametuiga." Ami yangu akamwambia, "Mama, labda sisi ndio tulioiga." Wakanuniana mpaka kahawa ilipoletwa.

Jambo ninaloliona ni hili. Lane aliandika kilichosomwa na kilichoimbwa. Mwili hakuupa haki yake. Anaeleza sauti, anaeleza vichwa vinavyotikisika, halafu maana anaitafuta kwenye karatasi peke yake. Kwenye malid maana iko mabegani. Mtu aliyebanwa bega kwa bega na mwenzake haimbi kwa mpenzi wake wa kike, hata maneno yaseme nini.

#21 Tari_Moja
Hapo sawa kabisa. Ukiwa kwenye homu, safu moja, pumzi moja, hujui sauti yako iko wapi.

#22 Hesabu_za_Vina
Nina kitu kimoja nadhani hakijaguswa. Kiarabu cha mapenzi mara nyingi humwita mpenzi "yeye" wa kiume, hata akiwa mwanamke. Ni desturi. Kiswahili hakina shida hiyo kabisa: "nampenda, hajaja, amenitoka". Mume au mke, binadamu au malaika, viambishi vyetu havisemi. Ndiyo maana shairi la Kiswahili la mahaba laweza kusomwa harusini, na kesho yake likasomwa kwenye hitima. Mwingereza hana mlango huo, lazima achague. Akichagua wa kike, ni wimbo wa mapenzi. Akichagua wa kiume, wasomaji wake London wanakohoa. Njia ya tatu ni kuandika kwa herufi kubwa, "Yeye", awe Mungu. Kwa hiyo lile swali la "ni nani anayependwa hapa?" ni swali la sarufi yao kwanza. Mwimbaji wa Suk al-Bakri huenda hakuwahi kuulizwa.

#23 BintiPwani
Hili la viambishi limenikaa. Ila "hitima" hapana, kaka. Shairi la mahaba hitimani nani kakusomea?

#24 Hesabu_za_Vina
Hitima ya mjomba. Ilikuwa makosa. Familia bado inazungumza.

#25 Jirani_Mkristo
Naomba kuchangia kama mgeni wa mada. Wengi hamjataja kwa nini Lane aliliweka jambo hili kitabuni. Ni kwa sababu ya Wimbo Ulio Bora. Anasema wazi: baada ya kusikia nyimbo za dhikri, hana shaka tena juu ya makusudio ya Wimbo wa Sulemani. Yaani wakati ule Ulaya wasomi walikuwa wanabishana kama kitabu kile ni cha Kristo na Kanisa au ni mashairi ya harusi tu yaliyoingia Biblia kwa bahati. Lane, mtoto wa kasisi wa Hereford, akaona: kumbe Mashariki wanafanya hivi hadi leo! Paa juu ya milima ya manukato mwishoni mwa Wimbo Ulio Bora, na paa wa Yemen, nchi ya manukato, hapa Cairo. Akafurahi.

Kwa hiyo ushahidi wake una mwenyewe. Alikuwa mtaani Cairo huku akili iko kanisani kwao. Ndiyo sababu alihitaji mambo mawili kwa pamoja: kwamba watunzi walikusudia roho (ili Sulemani apone), na kwamba umma haukuelewa (ili aeleze kwa nini hata Ulaya watu hawakuelewa).

#26 Ustadh_Mstaafu
Jirani, umenifunza. Nilikisoma kifungu hicho nikakiruka.

#27 Sikio_la_Kufa
Kwa hiyo naye alikuwa na bwana wa kumsifu. Narudi kwenye hoja yangu ya biashara 😄

#28 Jongoo_wa_Tanga
Wakuu, nimekisoma hicho kitabu jana usiku kwa sababu yenu, na hakuna aliyeniambia kuhusu MLA KIOO?!

Yuko rafiki wa Lane, Sheikh Ahmad, muuza vitabu. Alikuwa tarika ya Saadiya, wale wanaokula nyoka hai. Usiku mmoja kapandwa na hali, akakamata kioo kinachokinga mshumaa, akakila. Sheikh wake akamfukuza: sisi ni wa nyoka, kioo hakimo kwenye kanuni zetu! Akahamia Ahmadiya, nako akarukia taa iliyoning'inia, akala nusu ya kioo, na mafuta na maji yake akanywa. Akaapishwa. Akala tena. Akashtakiwa kwa sheikh, akajibu kwa utulivu: natubu tena, kwani Mungu anawapenda wenye kutubu. Sheikh akakasirika: unathubutu kufanya haya halafu unanisomea Kurani? Kifungo siku 10.

Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa Lane wa mambo ya tarika. Nyinyi mnabishana kuhusu paa.

#29 Muscat_Baridi
😂😂 Sisi ni wa nyoka, kioo hakimo.

#30 Mzee_wa_Ngisi
Jongoo umeharibu uzi kwa namna nzuri. Lakini "mwalimu wake wa tarika" umeongeza chumvi. Lane anamtaja kwenye utangulizi, pamoja na walimu wengine, na alijua kwamba Ahmad mambo yake mengine ya kuchukua kwa tahadhari. Maneno ya ule wimbo wa njiwa, kama nakumbuka vyema, aliyapata kwenye kitabu alichonunua kwa darweshi, naye ndiye aliyemwonyesha. Ina maana nakala yake ilipita mkononi mwa mtu wa ndani. Huyo darweshi angeweza kumwambia chochote kuhusu maana. Na angeweza pia kumnyima.

Tena maulidi yale Lane aliona na dosa: sheikh wa Saadiya akipanda farasi juu ya migongo ya watu waliolala kifudifudi barabarani. Khedive Tawfiq aliipiga marufuku 1881. Mtu aliyeona hayo yote kwa siku chache na bado akakaa chini kuhesabu mistari ya wimbo, mimi namvulia kofia.

#31 BintiPwani
Nyote mmemwacha dada yake. Sophia Poole alimfuata Lane Cairo 1842, akakaa naye hadi 1849, akaandika barua zake kuhusu nyumba za wanawake. Lane kwa wanawake hakuingia. Kaa na mishumaa yako mitatu na watu 30 wote wanaume, halafu useme "watu wa kawaida walio wengi". Wengi gani, kama nusu ya mji iko ndani?

Kwetu Lamu maulidi ya wanawake ndiyo niliyosikia kwanza. Hayana kelele za matari. Ni chumba, mikeka, chetezo kinazunguka, mrashi wa marashi, na Barzanji inapokezanwa. Ikifika kiyamu, pale pa kuzaliwa Mtume, wote husimama. Nyanya wangu ana Hamziya, shairi jingine la al-Busiri la kumsifu Mtume, kwa Kiarabu na tafsiri ya Kiswahili cha kale ya Sayyid Aidarus, msitari chini ya msitari, maneno ambayo hata yeye mengine huniambia "hilo ni la zamani, mwenyewe pia silijui". Huisoma hivyohivyo.

Basi jana nikampigia simu kwa ajili ya uzi huu. Nikamuuliza: nyanya, ukifika kwenye zile beti za kulia na kutamani, wamkumbuka nani?

Akanyamaza. Akasema: "Namkumbuka babuyo." Nikamwambia, lakini si ni sifa za Mtume? Akasema: "Ndiyo. Ndiyo maana naweza kulia mbele za watu."

#32 Kahawa_Chungu
Ee bwana.

#33 Sikio_la_Kufa
Huo ni ushahidi wa Lane! Nyanya mwenyewe kakiri, anaimba kwa mume wake. "Hawazichukui kwa maana ya kiroho." Uzi umefungwa.

#34 Ustadh_Mstaafu
Mwanangu, umesoma kinyume. Hakusema anamwimbia babu. Amesema sifa za Mtume zimempa mahali pa kulilia. Hilo Lane hana pa kulitia, si kwenye kiroho, si kwenye mapenzi.

#35 Hesabu_za_Vina
Mimi naona wote mnamlazimisha nyanya wa watu achague. Ni ile sarufi ya Kiingereza imetuingia.

BintiPwani, hiyo Hamziya ya nyanya ina tarehe? Huwa unatajwa mwaka 1652 kuwa wa tafsiri ya Sayyid Aidarus.

#36 Mzee_wa_Ngisi
Huo mwaka una ubishi, wako wanaousogeza mbele hadi karne ya 18. Usiuandike mahali kama umeupata kwa mwezi kuandama.

#37 BintiPwani
Ya kwake ni nakala ya mkono ya babu yake, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, kwa hiyo ubishi wenu mchwa wameshaumaliza. Na mkitaka kuuliza zaidi subirini Ijumaa, simu ya leo alikata kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yanatoka.

#38 Tari_Moja
Muulize na hili Ijumaa: zile Hamziya mahadhi yake aliyapata kwa nani? Maana kama aliyapata kwa nyanya yake, na yule kwa wake, tunafika karibu na enzi za Lane bila karatasi yoyote.

#39 BintiPwani
Hilo nishamuuliza zamani. Alisema kwa jirani aliyekuwa akifua nguo.

#40 Jongoo_wa_Tanga
Jirani alikuwa akifua huku anasoma Hamziya, au Hamziya ilikuwa kwenye mahadhi ya kufulia? Tari_Moja njoo huku.

#41 Tari_Moja
Nimekuja. Nasubiri Ijumaa.